Mistari Iliyoelekea Chumba cha Mama

Sogezeni viti, jirani zangu. Na wewe uliyebeba jembe begani, litue kwanza, maana habari hii inakuhusu. Nitawaeleza mambo ya nyumba moja tu, wala sitatia chumvi, kwa sababu yaliyotokea yanatosha yenyewe.

Alasiri ile nyumbani kwa Msasa kulikuwa shwari. Mama yake mzazi alikaa mlangoni pa chumba cha nyuma, mguu wa kulia umefungwa plasta na kuegeshwa juu ya kigoda, akinywa chai na kumkosoa kila aliyepita mbele yake. Mkewe alikuwa akichagua mbegu za kunde kwenye ungo. Binti yao wa pekee alikuwa akianua nguo. Msasa mwenyewe alilala chali chini ya plau ya trekta lake kuukuu, grisi hadi viwikoni, akipiga mluzi. Mawingu ya kwanza ya msimu yalikuwa yanajikusanya mbali, na dereva wa trekta akiona mawingu hufurahi kama mwenye duka anayeona foleni mlangoni.

Msasa si jina alilopewa na wazazi. Lilitokana na kazi yake. Akipita na plau, kisha akarudia, kisha akarudia tena, shamba lilibaki laini na tupu kama ubao uliopigwa msasa. Hukuona bonge wala bua, hata unyasi mmoja wa dawa. Na mistari yake ilinyooka kutoka barabarani juu hadi chini bondeni, hata mtu wa baiskeli alishuka kuitazama. Mwenyewe alilipenda jina hilo kupita kiasi. Ukimwita jina lake la kuzaliwa alikawia kuitika.

"Hodi humu!" sauti ilitoka barabarani.

Alikuwa mwenye kinu cha kusaga nafaka, mtu mwenye shamba kubwa kuliko wote pale na mdomo usiopumzika. Alisimama juu ya mteremko, mikono kiunoni, akitazama kile kipande cha shamba kilichokuwa moja kwa moja juu ya nyumba.

"Msasa, hebu niambie," alisema, "hapa amelima nani? Kuku?"

Mama mzee alicheka hadi chai ikampalia. "Muulize mkwe wangu huyo. Mimi nilishasema, shamba lile ni kama kichwa cha mtu aliyekurupushwa usingizini!"

Msasa alitoka chini ya plau akicheka pia, lakini kicheko chake kilikuwa cha meno tu. Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Mimi natania, bwana," mwenye kinu aliendelea, "ila wenzangu hawatanii. Kule kinuni wanasema, kama mke wa Msasa mwenyewe amelikataa trekta, sisi tunalikodi la nini? Kesho kutwa nakuja na wenzangu tupange kazi ya msimu. Pasafishe pale. Unatuaibisha sisi tunaokusifia."

Akaenda zake. Mluzi haukurudi tena midomoni mwa Msasa, na hapo ndipo ugonjwa ulipoingia nyumba ile. Hauna homa wala kikohozi. Ni ule ugonjwa wa kuogopa kuchekwa, na ninyi mnaonisikiliza mnaujua vizuri, msijifanye wageni.

Ngoja niwaeleze kile kipande kilitoka wapi. Nyumba ya Msasa ilijengwa na marehemu baba yake chini ya mteremko ili iwe karibu na kisima. Kuta zake ni za matofali mabichi, yaliyokaushwa kwa jua tu. Shamba liko juu yake, linashuka kutoka barabarani. Zamani Msasa alililima lote kwa trekta, na kila mvua kubwa ilipopiga, maji yaliteremka hadi kizingiti cha chumba cha nyuma. Mwaka mmoja yaliingia na kuzoa viatu. Ndipo mkewe, aliyekuwa amekwenda kumuuguza dada yake aliyejifungua, akarudi na jambo jipya alilolikuta kwenye shamba la huyo dada. Alimwomba mumewe ampe kile kipande cha juu ya nyumba, na trekta lisikanyage hapo.

Akakipasua mara moja tu kwa sululu, mistari ikikatiza mteremko, kisha hakukipindua tena. Mabua ya mahindi aliyalaza chini, akapanda kwenye mashimo, na katikati akaotesha kunde zitambae. Msimu wa kwanza, nisiwafiche, ulikuwa wa aibu. Magugu yalimtoa jasho na mahindi yalikuwa ya manjano. Msasa alimtania hadi mama mzee akamwonea huruma. Lakini mwanamke yule alipiga moyo konde. Msimu uliofuata nyungunyungu walirudi. Udongo ukaanza kushikana vipande vidogo vidogo, kama makombo ya mkate, ukikanyaga mguu unabonyea kidogo. Na maji ya mvua hayakufika tena mlangoni, jambo ambalo hakuna aliyelipigia makofi, kwa kuwa maji yasipoingia ndani mtu hana cha kusimulia.

Jioni ile, baada ya mwenye kinu kuondoka, Msasa alimfuata mkewe jikoni.

"Mama watoto, kile kipande kitalimwa mwaka huu."

"Nani kakichoka? Wewe au mwenye kinu?"

"Ni kazi yangu inayochekwa! Mimi ndiye Msasa. Mtu akifika kwangu anakuta takataka zimelala shambani. Unataka tule nini?"

Mkewe alitoka na sahani, akapanda shambani, akarudi na mabonge mawili ya udongo mkavu. Moja alilichukua upande wa mumewe, jingine kwenye kipande chake. Akachukua glasi mbili za chai, akaziweka mezani, akazijaza maji.

"Glasi zangu hizo!" mama mzee alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake. "Mnanitilia udongo kwenye glasi zangu!"

"Nitaziosha, Mama. Tazama tu kidogo."

Alitumbukiza bonge la Msasa kwenye glasi ya kwanza. Halikukaa. Lilitoa mapovu, likapasuka, likamomonyoka, na mara maji yote yakawa uji wa kahawia. Akatumbukiza la kwake. Lilitoa mapovu machache, kisha likatulia chini ya glasi, zima, na maji juu yake yakabaki meupe.

"Udongo ni uleule," alisema mkewe. "Baba yako alilima huko na huko. Ila wako umesagwa mpaka hakuna kinachoushika. Tone la mvua likiupiga unayeyuka, ukikauka unafanya ukoko juu, maji hayapenyi. Na chini kuna kitu kingine." Alimwonyesha kisiki cha hindi alichong'oa upande wa mumewe. Mzizi ulishuka kiganja kimoja tu, kisha ukakunja kona na kukimbilia pembeni. "Hapa umegota. Plau yako inapita kina kilekile miaka yote, inagandamiza chini yake. Umetengeneza sakafu, baba watoto. Maji yakifika pale yanakosa njia, yanateremka kwetu. Kipande changu ndicho kinachoyameza kabla hayajafika kwa mama."

Msasa aliitazama ile glasi yenye uji. Moyoni aliona. Nataka mlishike hilo, jirani zangu, kwamba aliona. Hakuwa mjinga.

"Basi," alisema akikuna kichwa. "Sitakigusa."

"Neno lako?"

"Neno langu."

Asubuhi yake mkewe aliondoka kwenda kwa dada yake kuchukua mbegu zaidi, alale huko na kurudi siku ya pili jioni. Alimwachia binti kazi ya kumhudumia bibi yake. Msasa alimsindikiza hadi barabarani kwa upole wote. Aliporudi alisimama palepale aliposimama mwenye kinu, akatazama chini kwa macho ya mwenye kinu. Aliona mabua yaliyolala ovyo na mashimo yasiyofuata mstari wowote. Akawasikia wale wateja wakicheka kabla hata hawajafika.

Siku nzima alizunguka kipande kile akijiambia kwamba neno ni neno. Kulipokucha, siku ya wageni, aliwasha trekta.

Kwanza aliyakusanya mabua na kuyachoma, kwa sababu mabua hukwama kwenye visahani vya plau. Binti yake alitoka jikoni mbio.

"Baba, Mama alisema..."

"Nimeongea na mama yako. Rudi ndani."

Hakuwa ameongea naye. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na alishangaa ulivyomtoka laini. Kisha akalima. Mngetarajia alime kwa kukatiza mteremko, hata kama ni mkaidi. Lakini kipande kile kilikuwa chembamba na kirefu. Kukikatiza kungemlazimu kugeuza trekta kila baada ya hatua chache, na kugeuza kunakula dizeli, tena kunaacha kona zenye vurugu. Dereva mzuri hapendi kona. Kwa hiyo alilima kutoka juu kwenda chini, kutoka barabarani hadi uani, akapita, akarudia, akarudia tena. Mistari ikanyooka kama uzi wa fundi mwashi, na yote ikaishia mbele ya ukuta wa chumba cha nyuma.

Pembe moja tu ilimshinda. Juu ya jiko, lililojengwa peke yake pembeni ya uwanja, palikuwa na kisiki kikubwa cha mti, na visahani vya plau vikigonga kisiki hupinda. Akaiacha ile pembe na mabua yake, akinung'unika.

"Sasa ndiyo shamba!" mama mzee alimpigia makofi kutoka kitini. "Hata mimi naona mbali!"

Wageni walifika, wakasimama barabarani, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwenye kinu alimpiga Msasa begani. "Huyo ndiye mtu wetu. Kesho anza kwangu." Jirani zangu, sifa zina utamu wake. Msasa alizinywa zote, na kwa saa chache hakukumbuka glasi ya uji wala neno alilotoa.

Mkewe alirudi jioni, kifurushi cha mbegu kichwani. Alipofika kwenye mteremko alisimama. Msasa alimwona kutoka uani. Alikuwa ameandaa maneno mengi, ya kazi, ya wateja, ya heshima ya mwanamume. Mkewe aliinama, akachota udongo, akaufikicha kwa vidole ukapeperuka kama unga wa muhogo. Akaitazama mistari, akaifuata kwa macho hadi ilipoishia. Kisha akatazama juu, ambako mawingu yalikuwa yameshuka na kuwa meusi.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele.

"Mhamishe mama kutoka kile chumba," alisema alipofika.

"Mke wangu, nisikilize kwanza..."

"Nitakusikiliza baadaye. Mhamishe mama sasa hivi, tumlaze jikoni."

"Jikoni? Na moshi ule?" mama mzee aliingilia. "Mimi sitoki kitandani kwangu. Mguu wenyewe ndio kwanza umetulia. Kisa nini? Mwanangu kalima shamba lake, kosa liko wapi?"

"Mama, maji yatakuja huko."

"Mvua yenyewe hata haijanyesha," alisema Msasa. Alijua mkewe ana haki. Lakini kumbeba mama yake na kumpeleka jikoni, mbele ya binti yake, kungekuwa ni kukiri. "Tutaona kesho. Usiniletee mkosi mlangoni."

Mkewe akaenda stoo. Walimsikia akikung'uta magunia matupu na kuyajaza mchanga kwa koleo. Binti alimfuata kumsaidia. Msasa alibaki peke yake uani na trekta lake, na hakuna aliyemsemesha tena hadi kulipokucha.

Asubuhi alikwenda kwa mwenye kinu kama alivyoahidi. Anga lilikuwa limefunga. Alilima haraka, jicho moja kwenye mstari na jingine mawinguni. Karibu na adhuhuri upepo ulikatika ghafla. Tone la kwanza likadondoka kwenye bati la juu ya gurudumu la trekta, zito. Mengine yakafuata, kisha yote kwa pamoja.

Mwenye kinu alikuwa amejikinga chini ya paa la kibanda akipiga kelele za furaha. "Mvua hiyo! Mvua hiyo! Sasa tutapanda!"

Msasa alikuwa anatazama udongo aliotoka kuulima. Matone yaliupiga, na ule ulaini wake wote ukalala na kung'aa, kama uso wa uji unaoanza kuganda. Maji yakasimama juu yake. Hayakuzama. Yalitafuta pa kwenda, yakapata mistari. Mistari yake mwenyewe, iliyonyooka, kila mmoja ukawa mfereji. Yakaanza kutembea, kisha kukimbia, mekundu, yakibeba udongo wa juu kuelekea bondeni.

"Hee!" mwenye kinu alipiga kelele, safari hii si ya furaha. "Msasa! Shamba langu linaondoka!"

Lakini Msasa hakuwa tena kwenye trekta. Aliliacha linaunguruma katikati ya shamba na akakimbia. Alikuwa ameiona mistari mingine akilini, na alijua ilikoelekea.

Njia ilikuwa tope tupu. Alianguka, akainuka, kiatu kimoja kikabaki. Kila shamba alilopita lilikuwa na mistari yake, na kila mstari ulikuwa unatiririka. Kazi yake yote ya miaka ilikuwa inashuka pamoja naye. "Mama," alikuwa anasema bila kujua anasema. "Mama, Mama."

Alipofika juu ya nyumba alisikia kabla ya kuona. Binti yake alikuwa analia kwa sauti. Kile kipande kilikuwa kimegeuka kuwa mto wa mifereji, yote ikigonga ukuta wa chumba cha nyuma. Mkewe alikuwa ameegemeza magunia mlangoni na kuyakandamiza kwa mgongo, maji yakimfika magotini. Binti alikuwa anajaribu kuchimba mkondo wa kuyapeleka pembeni, koleo likimshinda.

"Mama yuko wapi?"

"Ndani!" mkewe alijibu. "Hatukuweza kumbeba sisi wawili, mguu unamuuma, anakataa! Tazama ukuta!"

Msasa alitazama. Chini kabisa, matofali mabichi yalikuwa yanatoa mapovu. Yalikuwa yanamomonyoka polepole, vipande vikidondoka majini na kuwa uji. Alikuwa ameshaliona jambo hilo, mezani, kwenye glasi ya chai.

Aliruka magunia akaingia. Ndani maji yalikuwa yamefika usawa wa godoro. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, ameshika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili, kitambaa kimemwanguka kichwani. Mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mtu hakuwa na neno hata moja.

"Nishike shingoni, Mama."

"Mguu wangu..."

"Nishike shingoni!"

Alimwinua. Mkewe alikuwa ameshaingia, akaushika mguu wenye plasta kwa mikono yote miwili kama anabeba mtoto mchanga. Mama mzee alipiga ukelele wa maumivu ambao Msasa hatausahau hadi anaingia kaburini. Walitoka kwa ubavu, hatua kwa hatua, maji yakiwasukuma. Walikuwa wamefika katikati ya uwanja ukuta ulipobomoka. Haukulipuka wala kutoa kishindo kikubwa. Uliketi tu, kama mtu aliyechoka, na paa la bati likashuka juu ya kitanda.

"Twende jikoni!" mkewe alipiga kelele. "Jikoni pakavu!"

Na palikuwa pakavu. Juu ya jiko ndiko ilikokuwa ile pembe yenye kisiki, ile iliyoshinda plau, na mabua yake yalikuwa bado yamelala. Maji yalifika pale, yakachelewa, yakazama. Mbele ya mlango wa jiko palikuwa na unyevu tu. Walimlaza mama mzee karibu na mafiga, wakamfunika, naye akatetemeka hadi meno yakagongana. Plasta ilikuwa imelainika na mfupa ulikuwa umehama. Mganga wa zahanati aliyeletwa baadaye aliurudisha, lakini alisema wazi kwamba bibi hatatembea tena bila gongo. Msasa alisikia hayo akiwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja, akalia waziwazi mbele ya binti yake.

Mvua ilipokatika, mkewe alichukua jembe, akapanda kwenye kipande kilicholimwa. Msasa alimfuata. Alipiga jembe moja, la pili, akafukua tope la juu. Chini yake, kiganja kimoja tu kwenda chini, udongo ulikuwa mkavu. Vumbi lilitoka. Mvua ile yote iliyoangusha nyumba haikufika pale.

Mkewe alilichota lile vumbi kiganjani. "Miche ya mahindi itakufa kwa kiu hapa," alisema, "na mama amekoswakoswa kuzama pale chini. Kwa maji yaleyale." Kisha akamgeukia. "Ulinipa neno lako."

"Nilikupa."

"Uliona kwenye glasi."

"Niliona."

Hakutafuta kisingizio. Labda hilo ndilo jambo la kwanza la maana alilofanya msimu ule.

Kesho yake walianza kusafisha chumba cha nyuma. Walipoondoa bati walikuta kitanda kimefukiwa, na kilichokifukia ni udongo mweusi, mzuri, wenye makombo na mizizi midogo. Ni udongo wa mkewe. Misimu yake yote ya jasho ilikuwa imelala juu ya godoro la mama mkwe. Uliokwenda mtoni haukurudi, lakini huu ulikuwepo. Msasa aliusogeza kwa koleo, akaujaza kwenye karai, akaliinua karai kichwani, na akaanza kupanda nao mteremko.

Ilikuwa saa ya watu kwenda sokoni. Walisimama barabarani kumtazama. Dereva wa trekta, Msasa mwenyewe, anabeba udongo kichwani, tope likimchuruzika masikioni, anaumwaga, anashuka, anapanda tena.

"Msasa!" mmoja alipiga kelele. "Trekta limekufa?"

Wakacheka. Kicheko kilekile alichokuwa anakiogopa hadi akavunja neno lake, ndicho hicho sasa kilimwagika juu yake chote. Alishangaa kuona kwamba hakiui. Mwenye kinu naye alikuwepo, lakini yeye hakucheka. Shamba lake lilikuwa na makorongo, na mbegu aliyoitegemea hakuwa na pa kuiweka.

"Bwana," aliuliza kwa sauti ya chini, "sasa tutafanyaje?"

"Usiniulize mimi," alisema Msasa, karai likiwa kichwani. "Muulize mke wangu, yule uliyesema analima kama kuku. Mimi mwenyewe bado naulizia kwake." Na akaendelea kupanda.

Mkewe alikuwa amesimama juu, mkono kiunoni. Alikuwa bado amekasirika, nisiwadanganye, na alikaa na hasira hiyo muda mrefu. "Usimwage rundo moja hapo," alimwambia. "Tandaza. Kwa kukatiza. Halafu nenda kaombe majani makavu kwa jirani, kwa sababu yetu umeyachoma."

Kutoka mlangoni pa jiko, mguu wenye plasta mpya juu ya kigoda, mama mzee alikuwa amerudishiwa ulimi wake. "Na umsikilize!" alipiga kelele. "Na mkimaliza, mtu aniletee chai. Kwenye glasi safi!"

Mafunzo

Jirani zangu, hakuna aliyemdanganya Msasa. Alionyeshwa ukweli mezani kwake, akauona, akaukubali, kisha akaupindua kwa plau kwa sababu watu wachache wangesimama barabarani na kucheka. Tujifunze kwamba macho ya wapita njia hayali nasi, hayalali nasi, na ukuta ukianguka hayatubebei mama.

Tujifunze pia kwamba shamba tupu si shamba safi. Udongo una nyumba yake ndani, vyumba vya hewa, vijia vya maji, sakafu na paa. Mabua na majani ndiyo paa lake. Ukiusaga kila msimu unabomoa vyumba, ukipita kina kilekile unaujengea sakafu ya kuuzuia maji, na ukilima kwa kufuata mteremko unaichongea mvua barabara ya kuondoka na chakula chako. Uache ushikane. Ufunike. Pasua palipogota, usipindue palipopona. Utachekwa msimu wa kwanza na pengine mahindi yatakuwa ya manjano, kama yalivyokuwa ya mke wa Msasa. Vumilia.

Na wewe uliyekuja na jembe begani, kabla hujaliokota tena, nenda kasimame barabarani juu ya shamba lako. Usitazame kama mistari imenyooka. Tazama imeelekea kwa nani.